Sahihi ya Mwanakijiji: Kisa cha Makueni

Kila mkutano wa ushiriki wa umma nchini Kenya huacha nyuma karatasi moja, nayo ni orodha ya mahudhurio. Ina safu ya jina, safu ya nambari ya kitambulisho, safu ya simu na, pembeni kabisa, safu ya sahihi. Karatasi hiyo hupitishwa mkono kwa mkono chini ya mwembe au ndani ya ukumbi wa kanisa, mara nyingi kabla maofisa hawajamaliza kueleza kilichowaleta, na jioni hutiwa kwenye bahasha ili iambatishwe nyuma ya bajeti kuwa ushahidi kwamba wananchi walishauriwa. Mama aliyefunga duka lake na kutembea saa nzima ili aseme kwamba kisima cha kijiji kimeharibika anakuwa ametia sahihi yake mahali ambapo haimfungi mtu yeyote. Bajeti itapita, kisima kiwemo au kisiwemo.

Kaunti ya Makueni ilijaribu kuiweka sahihi ya mwananchi mahali pengine. Tangu miaka ya mwanzo ya ugatuzi, mkandarasi aliyejenga zahanati, bwawa dogo la maji au darasa la chekechea kwa fedha za kaunti alitakiwa, kabla ya kulipwa, awe na hati iliyotiwa sahihi na kamati ya wanakijiji waliochaguliwa na wenzao kuusimamia mradi huo. Ofisa wa fedha mjini Wote, makao makuu ya kaunti, alipaswa kuiona hati hiyo pamoja na ile ya mhandisi. Pasipo hati ya kamati, malipo hayatoki.

Kisa hiki husimuliwa kwa sifa nyingi. Wajumbe wa kaunti nyingine wamekwenda Makueni kujifunza, na Benki ya Dunia imekitumia kama mfano wa kuigwa. Hata hivyo, wasimulizi wengi hushika habari ya ngazi za mikutano, yaani kijiji, kishada cha vijiji, wadi na kuendelea, kana kwamba wingi wa mikutano ndio uliofanya kazi. Mimi naona kwamba mikutano peke yake isingebadilisha kitu, na kwamba yale yaliyotokea Makueni, mema yake pamoja na ugomvi uliokaribia kuivunja serikali yenyewe, hayaeleweki mpaka mtu aitazame ile hati ya malipo.

Makueni iko Ukambani, kusini mashariki mwa Nairobi. Barabara kuu ya kwenda Mombasa na reli hupita katika miji yake ya Sultan Hamud, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, lakini sehemu kubwa ya watu wake, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa 987,653, wanaishi mbali na barabara hiyo. Milima ya Mbooni na Kilungu hupata mvua ya kutosha. Nyanda za chini ni kavu, mito ni ya msimu, na kwa miezi mingi maji hupatikana kwa kuchimba mchanga wa mto uliokauka. Wakulima hupanda pojo, maembe na machungwa. Kwa vizazi vingi Wakamba wamekuwa na mwethya, yaani kundi la majirani wanaokusanyika kufanya kazi ambayo kaya moja haiiwezi: kukata matuta ya kuzuia mmomonyoko, kujenga nyumba, kuweka ukuta katika mto ili mchanga na maji vibaki nyuma yake. Atakayeuliza kwa nini utaratibu huu ulishika mizizi Makueni na si kwingineko asiisahau mwethya. Watu walikuwa wamezoea kupanga kazi pamoja na kuwahesabu waliofika na wasiofika muda mrefu kabla serikali haijawaomba wafanye hivyo.

Kabla ya katiba ya 2010, ushiriki wa wananchi katika serikali za mitaa haukuwa kitu kigeni. Kuanzia 2001 mabaraza ya miji na ya wilaya yalitakiwa kuandaa mpango wa utoaji wa huduma kwa kuwauliza wakazi kila wadi, kama sharti la kupata sehemu ya fedha kutoka serikali kuu. Wakazi waliulizwa, miradi ikaandikwa, na mingi ikaishia hapo, kwa kuwa baada ya kuorodhesha mradi mwananchi hakuwa tena na nafasi yoyote ya kuzuia au kudai. Katiba mpya iliweka msingi mzito zaidi. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, cha 174 kinautaja miongoni mwa malengo ya ugatuzi, cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha watu katika shughuli zake, na cha 201 kinautaka katika mambo yote ya fedha za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaongeza sura nzima juu ya jambo hilo. Lakini hakuna mahali sheria hizo ziliposema kwamba mwanakijiji atashika ufunguo wa malipo. Hilo Makueni ilijitungia.

Jinsi mlango ulivyokuwa wazi kwa kila kaunti kufanya kidogo au kingi kulionekana Kiambu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji George Odunga, iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema ushiriki lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu, na kwamba kaunti ilipaswa kuwafikia watu makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza na kwenye redio, zikiwemo zile zinazotangaza kwa lugha za mama. Ulikuwa uamuzi mkubwa, na Mahakama ya Rufani iliuunga mkono mwaka 2017. Hata hivyo, ulihusu namna ya kuwaita watu waje kusema. Suala la nini kinatokea baada ya watu kwenda nyumbani lilibaki vilevile.

Gavana wa kwanza wa Makueni, Kivutha Kibwana, alikuwa profesa wa sheria aliyetumia miaka mingi katika harakati za kudai katiba mpya, na inaonekana suala hilo ndilo lililomshughulisha. Utaratibu uliojengwa chini yake ulianza na elimu ya uraia: watu wafahamu kwanza kaunti ina fedha kiasi gani, zinatoka wapi, na ni kazi gani zilizo za kaunti na zipi si zake, kwa sababu mkutano unaoomba barabara kuu ya taifa au mishahara ya walimu wa msingi umeomba kitu ambacho gavana hana uwezo wa kukitoa. Kisha kila kijiji, na vilikuwa zaidi ya 3,000, kilikutana na kutaja mahitaji yake. Wajumbe waliochaguliwa waliyapeleka mahitaji hayo kwenye kishada cha vijiji, kutoka hapo kwenye nusu wadi, kisha kwenye wadi 30, kaunti ndogo 6 na hatimaye kwenye mkutano wa kaunti nzima. Kila ngazi ilipunguza orodha na kuipanga upya, na wataalamu walipitia mapendekezo ili kusema lipi linajengeka na kwa gharama gani. Makundi ambayo sauti yao hupotea barazani, kama vijana na watu wenye ulemavu, yaliandaliwa vikao vyao.

Mpaka hapo Makueni haikuwa imefanya jambo ambalo kaunti nyingine haikuweza kudai imelifanya. Tofauti ilianza zabuni ilipokwisha kutolewa. Wakazi wa mahali mradi unapojengwa waliitwa tena, safari hii kuchagua kamati ya usimamizi wa mradi kutoka miongoni mwao, na kamati ikakabidhiwa nakala ya hati ya vipimo na gharama ambayo mkandarasi ametia sahihi.

Ni vizuri kuitazama karatasi hiyo kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayompa mkulima wa pojo uwezo wa kumhoji mtu mwenye lori na mtambo wa kuchanganya zege. Imeandikwa mstari kwa mstari: urefu na kina cha msingi, unene wa ukuta, idadi na unene wa nondo, aina ya mabati, idadi ya madirisha, na bei mbele ya kila mstari. Mtu asiye fundi anaweza kupima mtaro kwa futi. Anaweza kuhesabu mifuko ya saruji inaposhushwa asubuhi na kuihesabu tena iliyobaki jioni. Akielezwa mara moja tu kwamba zege ya kawaida huchanganywa ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za kokoto, anaweza kusimama kando ya vibarua na kuhesabu ndoo. Kitu ambacho hawezi ni kuona nondo ndani ya nguzo iliyokwisha kumwagwa, na ndiyo maana kamati inayofika siku ya kukabidhiwa jengo, badala ya siku ya kumwaga zege, huwa imechelewa. Mhandisi wa kaunti hutembelea mradi mara chache kwa mwezi akiwa na miradi mingine mingi ya kuangalia. Mwanakamati hupita hapo kila siku akielekea shambani au dukani. Zamu hiyo ya kila siku, isiyo na mshahara, haikuwa na uzito wowote katika mipango ya zamani, kwa kuwa aliyeona ubovu alikuwa na mdomo tu wa kulalamikia. Makueni ilimpa kalamu.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Serikali ya kaunti ina mikono miwili, watendaji wakiongozwa na gavana, na bunge la kaunti la wawakilishi wadi. Katiba inalipa bunge hilo kazi ya kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kuwasimamia watendaji. Muda mfupi baada ya uchaguzi wa 2013 mikono hiyo miwili ilianza kuvutana juu ya bajeti, ikiwemo kiasi ambacho bunge lilijitengea, na mvutano ukakua hadi kazi za kaunti zikakaribia kusimama. Tarehe 23 Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika eneo la bunge la kaunti mjini Wote na watu kadhaa wakajeruhiwa.

Watu wengi huueleza mgogoro ule kuwa ni ulafi wa wawakilishi uliopambana na uadilifu wa gavana. Sioni kwamba maelezo hayo yanatosha, ingawa malalamiko juu ya matumizi ya bunge yalikuwa ya kweli na mazito. Mwakilishi wadi anaishi kijijini, na kijijini anapimwa kwa alicholeta: kisima, daraja, ada ya mtoto yatima. Utaratibu wa Makueni ulimwambia kwamba miradi itachaguliwa na mikutano ambayo si yeye anayeiongoza, na kwamba mkandarasi atapitishwa au kuzuiwa na kamati ambayo si yeye aliyeiteua. Alikuwa amebakiwa na kura yake juu ya bajeti nzima, na hiyo ndiyo aliyoitumia. Tena alikuwa na hoja ya haki kabisa mkononi. Yeye alipigiwa kura ya siri na maelfu ya watu, ilhali mkutano wa kijiji unaweza kuwa na watu sitini walioinua mikono mbele ya majirani zao. Anayetaka kuuanzisha utaratibu huu kwingine bila kumpa mwakilishi wadi kazi inayoonekana ndani yake anajitafutia mgogoro uleule, hata wawakilishi wakiwa watu waadilifu.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni njia ambayo wananchi walichukua. Kifungu cha 192 cha katiba kinamruhusu rais kuisimamisha serikali ya kaunti panapokuwa na hali ya kipekee, baada ya tume huru kuchunguza na Seneti kuidhinisha. Muda wa kusimamishwa hauzidi siku 90, na baada ya hapo uchaguzi hufanyika, wa gavana na wa wawakilishi. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka ombi kama hilo liungwe mkono kwa sahihi za angalau asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa katika kaunti. Makueni sahihi hizo zilikusanywa zikapita kiwango. Gavana mwenyewe aliunga mkono ombi ambalo lingemwondoa ofisini pamoja na mahasimu wake. Mwaka 2015 tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilisikiliza pande zote na kupendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo mwaka huohuo.

Kwa hiyo makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi, utaratibu wa sheria ukafuatwa hatua kwa hatua, na mwisho uamuzi ukawa wa mtu mmoja Nairobi. Sisemi kwamba rais alikosea. Kuivunja kaunti miaka miwili tu baada ya ugatuzi kuanza kungefungua mlango ambao kaunti nyingine zenye ugomvi zingeukimbilia. Nasema kwamba ombi lile, pamoja na ukubwa wake wote, lilikuwa na nguvu ndogo kuliko hati ya kamati ya zahanati yenye majina machache, kwa sababu ombi linaomba na hati inazuia. Pande mbili za serikali zililazimika kuishi pamoja hadi Agosti 2017, ambapo Kibwana alichaguliwa tena na wengi wa wawakilishi wa bunge lile la kwanza hawakurudi.

Matunda ya miaka hiyo yanajulikana. Mwaka 2016 kaunti ilianzisha mpango wake wa matibabu ambapo kaya ilijisajili kwa shilingi 500 kwa mwaka. Hospitali ya mama na mtoto yenye vitanda 200 ikajengwa Wote. Kiwanda cha kusindika maembe kikawekwa Kalamba. Haya ni makubwa na yanastahili heshima. Lakini yanaonyesha pia mpaka wa utaratibu wenyewe. Zahanati ina kijiji chake, na kijiji kinaweza kuilinda. Hospitali ya kaunti ni ya watu wote, kwa hiyo hakuna anayepita hapo kila asubuhi akiwa na hati ya vipimo mfukoni. Kiwanda nacho, kikishajengwa, huishi au kufa kwa bei ya maembe, kwa mashine na kwa wanunuzi, mambo ambayo hakuna kamati ya kijiji iliyochaguliwa kuyasimamia.

Yapo mapungufu yaliyo karibu zaidi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mikutano ya mchana huwaacha nje wale wale: mama aliye kwenye foleni ya maji, kijana anayefanya kibarua Nairobi, mgonjwa, mlezi wa mgonjwa. Kijiji chao kinaweza kuchagua bwawa mahali ambapo wao hawatalifikia. Kamati nayo si watu kutoka mbinguni. Mkandarasi anaweza kuwa shemeji wa mwenyekiti, na sahihi yenye thamani ya mamilioni ni sahihi inayoweza kutafutiwa bei. Kinga iliyopo ni kwamba wanaohitajika ni wengi, na kwamba jengo likipasuka ukuta litaendelea kusimama mbele ya macho ya kijiji kizima, likiwataja kwa majina.

Kuna pia tatizo lisilotoka Makueni kabisa, nalo ni kuchelewa kwa fedha kutoka Hazina ya Taifa, jambo ambalo magavana wa kaunti zote wamelilalamikia mwaka baada ya mwaka. Kamati hutia sahihi kwamba kazi ni nzuri, na mkandarasi hukaa miezi bila malipo. Hapo hati hupoteza heshima kwa pande zote mbili: mkandarasi aliyefanya vizuri na aliyelipua kazi wanasubiri foleni moja, na katika zabuni ijayo kila mmoja atapandisha bei ili kufidia kusubiri huko. Mwanakijiji aliyehesabu ndoo za kokoto hana anachoweza kuhesabu hapo.

Linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni siku ya pili baada ya kukabidhiwa. Kamati ilichaguliwa kusimamia ujenzi. Jengo likikamilika, rangi ikikauka na kibao cha jina kikiwekwa, nguvu yake ya kuzuia malipo inakwisha, maana hakuna tena malipo ya kuzuia. Lakini mgonjwa haji zahanati kutazama kuta. Anakuja kwa dawa na kwa muuguzi, na huduma hizo mbili hulipiwa kwa njia ambazo kamati ya ujenzi haimo. Kwenye miradi ya maji hali huwa afadhali kidogo, kwa sababu watumiaji hulipia kila mtungi na pampu ikisimama wanajua mara moja.

Kwa zahanati, pendekezo langu ni dogo na linaweza kuanza bila sheria mpya. Shehena ya dawa inapofika, katoni zifunguliwe mbele ya wajumbe wawili wa kijiji, hesabu iliyo kwenye hati ya kupokelea ilinganishwe na kilichomo ndani, na wajumbe hao watie sahihi chini ya ile ya muuguzi msimamizi. Nakala moja ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili na Kikamba, ikionyesha ni dawa gani zimeingia, kiasi gani na tarehe gani, ili mama anayeambiwa siku ya nne kwamba dawa ya malaria imekwisha aweze kusoma mwenyewe ziliingia dozi ngapi, na ajue majina ya majirani wawili wa kwenda kuwauliza.